Miaka Tisa na Mtumwa wa Kirumi

Siku yangu ya kwanza kazini Karatu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, Padre Gombera, mkuu wa seminari, alinipa tamthilia ya Kirumi ya kuchekesha akasema, "Soma." Nikasoma Kilatini changu bila kosa.

"Unasoma kama tangazo la mnada," alisema. "Hawa ni bwana na mtumwa wake wanagombana. Rudia, Mwalimu. Gombana!"

Mimi, mtoto wa wakulima wa ngano wa Mbulumbulu, nikagombana kwa Kilatini hadi wapishi wakachungulia dirishani. Hapo ndipo nilipoipenda kazi.

Asubuhi nilifundisha sarufi. Alasiri mimi na Gombera tulifanya uhakiki wa matini. Maandishi ya kale yalinakiliwa kwa mkono, na wanakili walikosea. Mhakiki hulinganisha nakala ili apate neno la mtunzi mwenyewe. Kwa miaka tisa niliitafsiri tamthilia ile kwa Kiswahili, pamoja na mazungumzo ya mwanafalsafa wa Kigiriki kuhusu roho. Neno moja liliweza kunishika wiki nzima.

Gombera alizeeka, akarudishwa kwao. Aliyemfuata aliniita ofisini.

"Mwalimu, vijana wanahitaji hesabu na sayansi. Kigiriki kinaisha mwaka huu, Kilatini mwakani."

"Na mswada wangu, Baba?"

"Jaribu Dar es Salaam."

Niliupeleka mwenyewe, nakala pekee, maana karatasi ya kaboni haikupatikana. Mchapishaji akasema hata karatasi ya kuchapia hakuna, nisubiri. Nilisubiria Olbalbal, nilikopata kazi shule ya msingi. Siku moja nilimsimulia Mwalimu Mkuu, Mzee Lemayan, tamthilia yote.

"Huyo mtumwa, mwishoni anaachwa huru?"

"Hapana."

"Sasa watu wanacheka nini, Mwalimu?"



Niliporudi Dar, karani alinifungulia kabati tupu. Ofisi ilikuwa imehama, makaratasi ya zamani yakachomwa. "Pole, mzee," alisema. Sikuwa nimefika hata miaka arobaini na tano.

Sasa nimestaafu. Vijana mnaniuliza kwa nini sikuanza upya. Mwezi uliopita nilifungua kitabu changu cha Kigiriki. Pembeni mwa ukurasa kuna maelezo ya penseli kwa Kigiriki, mwandiko wangu, nikimsahihisha mnakili fulani. Herufi nazitambua moja moja. Maneno yamekwenda.

Mke wangu Paulina aliinama begani kwangu. "Uliandika nini hapo?"

"Sijui, Mama," nikamwambia.