Pazia la Samaki

Mama yangu hajawahi kumtazama mume wangu usoni. Kwetu, upande wa Nyambureti, mama mkwe na mkwe wake wa kiume huheshimiana kwa kukwepana. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na mama hawezi kulala nyumba moja na mkwe. Mume wangu ni mwalimu, mtu wa Tanga, na kwao mkwe hukumbatiwa. Siku nilipompeleka nyumbani mara ya kwanza alimfuata mama mbiombio na shikamoo yake tamu, mkono mbele. Mama akatupa ungo wa ulezi akakimbilia zizini. Alitoka huko mgeni alipoondoka, miguu imejaa samadi. Mume wangu akikumbuka anaona aibu, mimi nacheka mpaka machozi.

Kicheko kiliisha mama alipopata kidonda mguuni. Ana sukari, na alichelewa kusema. Daktari hapa mjini alituambia kisafishwe kila siku mpaka kifunge, la sivyo mguu utakatwa. Nyambureti si mahali pa kwenda na kurudi kila siku. Sisi tunaishi hapa mjini, Turwa, nyumba ya kupanga, na bahati nzuri jirani yetu, mjane anayezijua mila hizi, akampa mama chumba cha kulala. Asubuhi mume wangu akishaondoka kwenda shule, mama anakuja kwangu. Jioni mume wangu anakohoa getini, mama anavuta kanga kichwani na kutokea mlango wa uani. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kukohoa kule kulinichosha kuliko kidonda chenyewe.

Sebuleni tulikuwa na tangi la kioo lenye samaki mmoja wa bluu, mapezi marefu, ambaye mume wangu alimnunua Mwanza. Alikaa peke yake kwa sababu ni mgomvi. Taa ya tangi ikiwashwa, kioo kilimrudishia sura yake mwenyewe, naye akavimba mashavu, akatandaza mapezi na kujigonga kwenye kioo. Mapezi yalikuwa yameanza kuchanika na chakula alikiacha kikielea. "Anajiona," mume wangu alinieleza, "anadhani kaingiliwa nyumbani." Akabadilisha maji, akasogeza tangi kona nyingine. Wapi! Ugomvi ulikuwa palepale.

Mama alimtazama samaki yule kutwa, mguu juu ya stuli. Mwishowe akasema kwa Kikurya, "Huyu hagombani. Amekutana na mkwe wake."

"Mama, huyo ni samaki."

"Tazama anavyojifunika. Mmemweka uso kwa uso na mkwe, hana hata mlango wa uani. Nyie watu mna huruma kweli?"

Akavua vitambaa vya makochi yangu, vile vyeupe nilivyofuma mwenyewe kwa mkono, akavifunga kwa uzi nyuma na ubavuni mwa tangi, akaacha upande wa mbele tu. Nilinuna, vitambaa vyangu vile vilikuwa vya wageni. Jioni nikawasha taa. Samaki akazunguka, akamtafuta adui yake, hakumwona. Akashusha mapezi. Kisha akapanda juu akala.

Mume wangu aliporudi na kuona, alipiga magoti mbele ya tangi kwa furaha. Mama alikuwa bado jikoni, nyuma ya mlango, na mume wangu hakuweza kumshukuru moja kwa moja. Basi akapaza sauti: "Samaki, mwambie mama ahsante sana."

Mara kutoka jikoni: "Samaki, mwambie huyo mtu apunguze chakula, maji yananuka."

Tangu hapo mama akawa anachelewa kutoka jikoni kila jioni, na samaki akapata kazi. Salamu za jioni, hali ya mguu, mvua huko shambani, yote yalipitia kwake. Niliwapenda wote watatu kwa namna nisiyoweza kuieleza vizuri.

Kisha kijana wa jirani akarudi kutoka machimboni na mke na watoto, chumba kikahitajika. Mama hakulalamika. Alifunga nguo zake kwenye kitenge akasema kesho anarudi Nyambureti. Kidonda kilikuwa bado wazi. Nilimbembeleza, nikafoka, nikalia.

"Mguu ni wangu peke yangu," alisema. "Heshima ni yetu wote."

Mume wangu alinikuta nimekaa chini nalia, na mama jikoni na furushi lake. Nilimweleza. Alisimama mbele ya tangi kwa muda, akivishika vile vitambaa. Akaingia chumbani, akatoka na begi.

"Samaki," alisema kwa sauti, "mwambie mama kuanzia leo nyumba hii ni ya binti yake. Hakuna mkwe anayelala hapa. Mimi nahamia kwa mwalimu mwenzangu mpaka mguu upone."

"Utaweza?" nikamnong'oneza.

"Ng'ombe haelemewi na nunduye," akasema.

Kutoka jikoni, mama akamuuliza samaki kama huyo mtu ameshakula.

Mwalimu mwenzake ni kapera asiyejua kupika kitu zaidi ya ugali na dagaa. Kila jioni mume wangu alikuja, akakohoa, akamsalimia samaki kutoka mlangoni, akaenda zake. Sijawahi kumpenda kama siku zile. Na mguu, taratibu, ukafunga.

Asubuhi mama alipokuwa anaondoka, mume wangu alikuja kumuaga. Akakohoa. Mama alikuwa amekaa mbele ya tangi akimlisha samaki, mgongo kwa mlango. Nikasubiri avute kanga. Hakuvuta. Taa ya tangi ilikuwa imezimwa, mwanga wa nje ulimmulika mume wangu pale mlangoni, na sura yake yote ilikuwa kwenye kioo. Mama hakugeuka. Alikaa vile mkono ukiwa juu ya maji, chembe za chakula zikimwishia vidoleni.

"Samaki, mwambie mama safari njema," mume wangu alisema.

Njiani kuelekea stendi alinishika mkono.

"Mumeo amekonda," akasema. "Leo mchinjie kuku."

Nikasimama. "Mama! Umemwona wapi?"

"Nimwone wapi?" akasema, akivuta kanga yake vizuri kichwani. "Mimi nilikuwa namtazama samaki."