Kinyozi Aliyeuweka Wembe Chini

Shemeji yangu, mume wa dada, ni kinyozi, na mkono mwepesi kama wake sijauona. Mtaa mzima humwita Jenereta, maana akilala, hata majirani hawahitaji kuambiwa. Tulimcheka mpaka basi.

Kumbe kukoroma kulikuwa nusu tu ya maneno. Dada alisema pumzi inakatika kabisa, kisha anashtuka akitweta. Mchana akawa anasinzia amesimama. Siku moja wembe uko shingoni kwangu, nikaona kwenye kioo macho yake yanajifumba.

"We shemeji, utanichinja!"

Hakubisha. Aliufuta wembe, akauviringisha kwenye kitambaa, akampa dada aufungie kabatini. "Sishiki tena mpaka nipone." Wateja walimbembeleza, hata bwana harusi mmoja. Wapi! Akabaki na mashine ya kukata nywele tu, na waliotaka kidevu laini wakahamia kwa jirani. Mwingine angejikaza kisabuni. Yeye hakukubali kubahatisha na shingo za watu, na kwa hilo namvulia kofia.

Hospitali walimpima akiwa usingizini, wakaona koo linajiziba akilala. Daktari wa meno akachukua vipimo vya meno yake, akamtengenezea kifaa cha plastiki ngumu cha kuvaa usiku, kinachovuta taya la chini mbele kidogo ili hewa ipite. Asubuhi anakivua, anakisugua kwa mswaki.

Wiki za mwanzo, weee! Mate yalilowesha mto, taya likauma, mkate akawa anautafuna kama mtoto anayeota meno. Dada akamwonea huruma, akamwambia apumzike walau usiku mmoja.

"Mama watoto, nautaka wembe wangu," akajibu, akakivaa.

Kusinzia kukaisha, lakini bado hakuugusa. Alisubiri apimwe tena akiwa na kifaa mdomoni. Daktari aliporidhika, ndipo dada akafungua kabati.

"Haya, nani wa kwanza?"

Kila mteja akajishika shingo. Watu na shingo zao! Nikakaa mimi, nikiyachunga macho yake kwenye kioo. Akanipaka povu, wembe ukaanza kupita chini ya kidevu, taratibu, mkono ule ule.

Nilichosikia baadaye ni kuguswa bega. Povu limekwisha, kidevu laini, watu wanacheka.

"Shemeji," akaniambia, macho makavu kabisa, "leo umesinzia wewe."