Bi Domo Anakonda

Mchoraji alianza na sungura. Aliwachorea watoto wa shule vitabu vya kusoma, na sungura wake wote walikuwa na masikio yaliyokunjika, maana mchapishaji alimpa vikaratasi vidogo. Lakini kilichomjengea nyumba na kumsomeshea binti yake ni mkewe.

Yaani Bi Domo, katuni aliyoichora kwa sura ya mkewe. Kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa alitoka ukurasa wa mwisho wa gazeti, mnene kama gunia, mkono kiunoni, akimkaripia mume mwembamba kama njiti ya kiberiti. Mchoraji hakuweza kumchora kwa kichwa. Lazima amtazame mkewe.

"Simama hapo hapo, Mama. Shika kiuno."

"Sufuria inaungua."

"Iungue."

"Halafu watu waseme mimi ndo mkorofi."

Na walisema. Sokoni walimwita Bi Domo, naye akaitika, akacheka kuliko wao.

Ugonjwa ukamwingia tumboni. Daktari alimwita mume pembeni, akamweleza neno ambalo mume hakulifikisha kitandani. Binti akakiondoa kioo ukutani, akasema msumari umelegea.

"Nimekonda, Mzee?"

"Kidogo tu. Ni zile dawa."

Akaendelea kumchora, sasa kwenye kigoda kando ya kitanda, ubao magotini, macho kwake, kidau cha wino miguuni. Jumatano moja, mchoraji akiwa ameenda duka la dawa, mtu wa pikipiki akarudisha bahasha ya picha kutoka gazetini. Binti akaiweka kitandani. Mama ndiye aliyezoea kuzifungua. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka siku zote.

Mchoraji aliporudi alimkuta ameilaza picha kifuani. Mhariri alikuwa ameandika pembeni kwa penseli: *Kaka, huyu nani? Bi Domo wetu yuko wapi? Huyu mgonjwa atawatisha wasomaji. Chora upya.*

Akaitazama. Mashavu yamebonyea, mifupa ya shingo imetokeza, gauni linaning'inia. Wiki baada ya wiki alidhani anamchora Bi Domo yule yule, kumbe mkono ulikuwa unafuata jicho.

"Hivi ndivyo nilivyo?"

"Mkono uliteleza, Mama."

"Miaka kumi na tisa haujateleza."

Mchoraji akakaa chini. Akaiweka chupa ya dawa sakafuni, kando ya kidau.

"Daktari amesema nini?"

Akamwambia. Alisema huku anatazama kidau, na hakupunguza chochote.

Jikoni maji yakachemka, binti akayaepua. Kisha Mama akaagiza kioo. Binti akakishika kwa mikono miwili, uso ameugeuzia mlangoni asione Mama anavyojitazama.

"Ulinipendelea," Mama akasema mwishowe. "Shingo yangu ni mbaya kuliko hii."

Hakuna aliyecheka.

"Leteni mito. Wote wawili, njooni mnifunge."

Wakamfunga mto mmoja tumboni, mwingine nyuma, wakamvisha gauni lake juu ya mito, wakamwegemeza ukutani. Akapandisha mkono, akaupachika kiunoni.

"Haya, Mzee. Chora upesi, nachoka."

Akachora. Alimaliza tumbo, mabega, mdomo ulio wazi. Kabla hajafika kwenye mkono, usingizi ukamchukua Mama na mkono ukadondoka juu ya shuka. Hakumwamsha. Aliumalizia kwa kukumbuka, kwa mara ya kwanza.