Kamba ya Nyuma ya Baiskeli

Jumatatu tulimzika Papa. Kamba za mkonge tulizomteremshia zilikuwa zimelowa mvua, na harufu yake bado iko mikononi mwangu.

Nilikuwa mtoto wa miaka kama minane, wakati wa Wabelgiji. Mama alikuwa na homa kali, na Papa alikuwa anampeleka kwa dokta Masisi kwa baiskeli, kutoka kijijini kwetu Kibabi. Mama alikaa nyuma, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa Papa. Freni zilikuwa zimekufa zamani. Kwenye kila mteremko nilishika kamba iliyofungwa nyuma ya baiskeli, nikakaza visigino ardhini ili isikimbie.

"Shikilia, mutoto wangu," Papa alisema. "Wewe njo freni yetu."

"Na hiyo freni haijakula tangu asubui," Mama alisema, tukacheka kidogo.

Tulipanda, tukashuka, tukapanda tena. Kwenye mteremko mmoja mrefu viganja vyangu vilikuwa vimechubuka, nikachoka. Nikaachilia kamba. Sikuteleza. Niliachilia tu.

Baiskeli ilikimbia hadi kwenye kona, wakaangukia shamba la maharagwe. Nilipofika, Papa alikuwa anamfuta Mama matope usoni. Mama hakuvunjika, lakini alikuwa analia.

"Kamba ilikatika?" Papa aliuliza.

"Ndiyo, Papa."

Akaiokota, akaipitisha mikononi polepole mpaka mwisho. Ilikuwa nzima. Akaniangalia. Kisha akachana mkono wa shati lake, akanifunga viganja vyote viwili, akanirudishia kamba.

"Twende," akasema.