Mmarekani wa Kofia ya Ngozi na Ndama wa Kharumwa

Juzi nilikuwa Kharumwa, siku ya chanjo ya ng'ombe. Kwenye benchi nililokalia, kijana mmoja wa miwani ya jua alikuwa akimwonyesha mzee mfugaji video kwenye simu. Ilihusu Mmarekani wa zamani aliyecheza ule mpira wao wa kukimbia nao mikononi, kichwani kavaa kofia ya ngozi.

Mzee akatazama wanaume waliomlalia mwenzao. "Ng'wanawane, mwanangu, huyo wa chini wanamchanja?"

"Hapana, babu. Wanamnyang'anya mpira."

"Na mbavu wanachukua?"

Kijana akaeleza kwamba jamaa aliangushwa hivyo miaka mingi, mpaka goti likagoma, ndipo akawa kocha.

"Kocha naye huangushwa?"

"Aa, kocha anasimama pembeni anapiga kelele."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia habari za kazi nzuri akiwa amechelewa kuiomba.

Mara ndama wake dume akakata kamba, akaja mbio upande wetu.

"Mwangushe!" mzee akamwambia kijana, maana ndiye aliyeujua mchezo.

Kijana alishapanda juu ya benchi, simu kifuani. "Babu, mimi nimeshakuwa kocha! Wewe pita kushoto!"

Mzee akamdaka ndama shingoni, akamlaza chini peke yake.

Ningemcheka sana kijana yule, ila juu ya benchi alinikuta nimeshasimama. Na kazi yangu ya kila wiki kwenye safu hii mnaijua, wasomaji: nasimama pembeni, napiga kelele.