Nani Atachimba Kaburi Mjini?

Mwaka jana nilikuwa kwenye benchi la ofisi ya ardhi, Musoma, nikisubiri zamu, wakati mkulima mmoja wa pamba kutoka Bunda aliposimama kaunta na mkewe. Walitaka kiwanja kule pembezoni mwa mji, ninakokaa mimi. Karani aliwasomea masharti kwa sauti ya kuchoka: nyumba ya matofali, choo cha shimo, ng'ombe marufuku.

Mume aliitikia kila sharti kwa kichwa. Mke akaegemea kaunta, akamuuliza karani.

"Baba, na tukifiwa huko, nani anachimba kaburi?"

Karani akaweka kalamu chini. "Mama, hilo halimo kwenye masharti."

Mama akanigeukia. "Mwanangu, unakaaga huko? Mlimzika nani mwisho?"

Nilimweleza ukweli. Jirani yangu alifariki wakati wa masika. Tulimpakia kwenye lori, akapelekwa kuzikwa kijijini kwao, Bukima. Jina lake kamili nililisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza, padri alipolitaja.

Mama alifunga kanga yake upya. Nilidhani atamvuta mumewe waondoke. Akasema tu, "Basi tuandikie, baba. Shamba limechoka, na sisi tumechoka."

Walihamia baada ya kuuza pamba. Jumapili ya kwanza mama yule alipita nyumba kwa nyumba, akibisha hodi na kutaja jina lake na la mumewe.

Redio zetu huhimiza ujamaa kila jioni, nasi tunaitikia kwa kichwa. Lakini siku ile majirani wengi walichungulia dirishani bila kufungua mlango. Walidhani anauza samaki.