Zamu ya Pampu

Chuoni tulifundishwa uchumi wa kushirikiana: mtu ana kitu kimekaa bure, mwingine anakihitaji, simu inawakutanisha. Niliuliza, kama mmoja analipa, wameshirikiana au wamekodishana? Darasa likacheka, mhadhiri akaendelea na somo.

Niliporudi nyumbani, nje kidogo ya Chaka, nilikuta ushirikiano ambao hakuna anayelipia. Maboma sita yalikuwa na pampu moja ya kunyunyizia viazi dawa. Ni ya nani? Kila niliyemuuliza alitaja jirani. Ililala popote ilipotumika mwisho, na ukiitaka uliulizia nyumba kwa nyumba hadi uipate. Mambo hayo yalinikera. Nikafungua kikundi cha WhatsApp, nikapanga ratiba, kila boma na siku yake. Shosho, bibi mzee wa boma jirani, ana kabambe tu, simu isiyo na intaneti, hayumo kikundini, kwa hiyo nikamweka mwisho, Jumamosi.

Wiki hiyo ukungu ulikaa siku tatu bila kuinuka. Jumatano asubuhi shosho alisimama kwenye ua wetu, mkononi tawi la kiazi lenye majani meusi. Ni ugonjwa tunaouita baridi, na ukishaingia shambani hauchelewi kulimaliza. Viazi hivyo ndivyo chakula chake hadi msimu ujao.

"Nasikia pampu iko hapa."

"Iko, shosho. Leo ni zamu yetu."

"Na viazi zenu ziko na nini?"

"Haziko na kitu. Tunakinga tu."

"Na mimi?"

"Wewe ni Jumamosi."

Aliangalia tawi lake, kisha akaniangalia. "Jumamosi ninyunyizie nini, mashina? Ati simu imeona shamba yangu ikasema ingoje?"

Mama, aliyekuwa akikamua ng'ombe, alicheka bila kugeuka. Hapo ndipo nilipoelewa maana ya kile kilichonikera. Majirani walipokuwa wakiulizia pampu nyumba kwa nyumba, walikuwa pia wakiambiana shamba la nani linaumwa.

Nilichanganya dawa yetu, nikajitwika pampu, nikamfuata. Mistari ya chini, karibu na mto, ilikuwa imeshakufa, alikuwa ameing'oa mwenyewe. Ya juu bado ilikuwa kijani, nikainyunyizia polepole, yeye akinifuata kwa nyuma.

"Ulisoma miaka mingapi?"

"Minne, shosho."

"Sawa. Geuka, umeruka mstari."